Komeo la Kizimba cha Lulu

Ruqaya na mumewe Khalil wanakaa Darsait, mjini Maskati, katika fleti ya ghorofa ya pili. Khalil anafanya kazi ofisini, Qurum. Kila jioni alipofungua mlango, Ruqaya aliyasikia maneno yake ya kwanza akiwa jikoni.

"Umeshindaje, Lulu wangu?"

Lulu hakuwa mtu. Alikuwa chatu wa aina ndogo, mwenye mabaka ya kahawia. Hana sumu. Akiogopa, hujikunja akawa kama mpira. Rafiki yake Khalil alihama nchi, akamwachia. Lulu alikaa sebuleni, katika kizimba cha kioo chenye kifuniko cha wavu. Kifuniko hakikubana vizuri, kwa hiyo Khalil alikiwekea jiwe juu.

Khalil akishakula, alimtoa Lulu, akamweka shingoni mwake, akakaa naye mpaka wakati wa kulala. Ruqaya alimwambia dada yake kwenye simu kwamba ana mke mwenza asiye na miguu. Dada yake alicheka. Ruqaya hakucheka.

Siku moja Ruqaya alirudi kutoka kwa daktari wa meno, shavu limevimba. Khalil hakumuuliza kitu. Alikuwa amekaa mbele ya kizimba, ameshika tama, kwa sababu Lulu alikuwa amekataa kula.

Asubuhi yake Ruqaya alipangusa vumbi sebuleni. Aliliondoa lile jiwe, akafuta kifuniko. Jiwe likabaki sakafuni. Alilitazama, kisha akaenda zake jikoni.

Khalil aliporudi, kizimba kilikuwa kitupu. Alitafuta chini ya makochi na nyuma ya mapazia. Hakuona kitu. Akamwita Winifrida, Mtanzania anayewasaidia kazi za nyumbani, ambaye siku hiyo alikuwa amefagia. Alimwambia hawezi kukaa na mtu asiye mwangalifu, atafute kazi pengine. Winifrida alisema hakugusa kizimba.

Ruqaya hakuweza kunyamaza.

"Mwache Winifrida," alisema. "Jiwe nimeliondosha mie. Nlijua, na sikulirudisha."

"Kwa nini?"

"Nna wivu, Khalil. Nimerudi na shavu limevimba, hukuniuliza. Lulu hali, weye hulali."

Khalil alimgeukia Winifrida. Akamwomba radhi, akamwambia kazi yake ipo. Ruqaya naye akamwomba radhi. Halafu akapanda ghorofa ya juu kumwita jirani yao, Bi Sayyida, daktari wa wanyama.

Bi Sayyida aliwaambia wazime kiyoyozi, wafunge milango yote na wazibe nafasi za chini yake kwa taulo. Nyoka aliyetoka hutafuta joto na giza, alisema, basi watazame palipo na joto. Walimkuta Lulu nyuma ya friji, amejikunja karibu na mota. Khalil alitaka kumvuta mkia. Bi Sayyida alimzuia, akamwinua nyoka taratibu kwa mikono miwili.

"Huyu kafuata joto," alisema. "Kizimba chake kina baridi, kiyoyozi kinampiga kutwa. Ndiyo maana hali."

Akakitazama kifuniko.

"Na kifuniko kinachongoja mtu akumbuke jiwe, si kifuniko. Chatu ana nguvu. Siku moja angelisukuma mwenyewe. Tieni komeo."

Aliwaeleza na mengine. Kizimba kiwe mbali na kiyoyozi. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi thelathini na moja hivi, upande wa pili nyuzi ishirini na sita. Kibao cha umeme cha kupashia joto kiwe na kidhibiti joto, la sivyo kitamuunguza nyoka. Awe na maficho kila upande, na bakuli la maji safi. Na kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni.

"Tena asishikwe kila siku," alimwambia Khalil. "Akishakula, mwache siku mbili kamili. Unampenda, lakini humpumzishi."

Ruqaya aligeuka kutazama dirishani, furaha yake isionekane.

Ijumaa Khalil alifanya yote aliyoambiwa. Alitia komeo lenye kufuli ndogo, ufunguo akampa Ruqaya. Baada ya muda Lulu alianza kula. Halafu akajivua ngozi, ikatoka nzima bila kukatika. Bi Sayyida alisema hiyo ni dalili ya afya.

Wivu wa Ruqaya ulipungua polepole, haukwisha. Jioni moja yeye na mumewe walikuwa wakinywa kahawa na halua. Lulu akatoka mafichoni, akainua kichwa nyuma ya kioo. Khalil alisimama, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

"Mwache," Ruqaya alisema. "Kala jana."

Khalil akarudi kukaa karibu yake. Ni kweli, Lulu alikuwa amekula jana. Ruqaya alimmiminia mumewe kahawa, akafurahi kwamba ni kweli.