Wimbo wa Tatu Unafanana na Nani

Jua lilikuwa linazama Mizani aliposhuka ngazi kwenda kuchukua flashi yenye albamu mpya langoni. Kazini walimwita Mizani kwa sababu hakuandika neno kabla ya kulipima. Mwaka wa tisa sasa alikuwa akihakiki albamu za muziki gazetini, wimbo kwa wimbo, na hakuna aliyewahi kumkamata amekosea jina la mpiga ngoma wala urefu wa wimbo.

Langoni walikuwa wawili, wa kundi lililoirekodi. Mpiga besi alisimama mbele, kijana mwembamba mwenye vidole vilivyokomaa. Nyuma yake, mgongo ukutani, alisimama mwimbaji wa kundi, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

"Habari za jioni, dada."

"Nzuri. Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo. Nyimbo saba. Inatoka baada ya wiki mbili." Mpiga besi aliing'ang'ania ile flashi kidogo kabla ya kuiachia. "Tuna ombi moja tu. Usiandike kwamba tunafanana na fulani."

Mizani akacheka. Kila kundi alilowahi kulihakiki lilitoa ombi hilo. Wanamuziki wote hudai walizaliwa bila wazazi.

"Sasa wasomaji wangu niwaambie nini? Kwamba mna gitaa mbili na hasira?"

"Hilo tu linatosha."

"Na huyu mwenzako hasalimii? Au umaarufu umeshamkaba koo?"

Mwimbaji alimtazama. Akafungua mdomo... akaufumba. Kisha akageuka, akaondoka bila kusubiri mwenzake.

Mizani aliishi ghorofa ya pili na bibi yake, katika vyumba viwili, sebule na jiko. Bibi ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Sasa macho ya Bibi yalikuwa yamekwisha, mwaka wa sita huo, na aliishi kwa masikio. Aliwajua majirani kwa kikohozi. Mchana kutwa alizungumza na redio, na sufuria, na marehemu mumewe, na kila baada ya muda aliita ili mjukuu wake amwitikie kutoka chumbani. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kujua kwamba giza lile lina mtu ndani yake.

Mizani alikaa mezani chumbani, akaichomeka flashi kwenye kompyuta, akaufungulia wimbo wa kwanza kwenye spika ndogo. Uliitwa "Nimechelewa Tena". Gitaa zilitoka mbio kama zimeiba kitu, ngoma zikizifuata nyuma.

"Hao wanaimba au wanafukuzana?" Bibi aliuliza kutoka sebuleni.

"Wanaimba, Bibi. Ni pop-panki. Vijana wanalia, ila kwa mwendo wa haraka."

"Ee. Wakikua watalia polepole."

Sauti ya mwimbaji ikaingia. Bibi akasema, "Huyo namjua."

"Utamjulia wapi, Bibi?"

"Nimjulie wapi... Sijui. Lakini namjua."

Mizani akazichomoa spika, waya ukalala sakafuni, akavaa hedfoni asikie vizuri zaidi. Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Wimbo ulipokwisha alivua hedfoni, akaandika sentensi nne kwa mkono kwenye daftari, kisha akaenda kwa unaofuata. Sentensi ya nne siku zote ilikuwa ya mfano, kwa sababu msomaji ambaye hajasikia kitu lazima umpe kitu alichokwisha kukisikia. Hapo ndipo alipojipatia jina. Mifano yake ilikuwa kweli tupu.

Akaandika: *Sauti inakwaruza na kupanda mwishoni. Inafanana na ya muuza maji anayepita barabarani kwetu kila jioni.*

Dakika haikupita, akalisikia gurudumu la mkokoteni wa muuza maji likilia huko chini. Lilipita dirishani. Likafika kwenye kona, pale anaponadi kila siku.

Muuza maji hakunadi.

Labda madumu yamekwisha, Mizani akafikiri, akavaa hedfoni.

Wimbo wa pili, "Kiatu Kimoja", ulikuwa wa mzaha. Kijana amefukuzwa kwa mpenzi wake na kiatu kimoja mguuni. Kabla ya kiitikio mwimbaji aliangua kicheko, kicheko cha kuvuta pumzi ndani kama mtu anayemeza maji ya moto. Mizani alitabasamu. Kicheko hicho alikisikia kila siku kupitia ukuta wa chumba chake. Akaandika: *Anacheka kama jirani yangu, fundi cherehani.*

Upande wa pili wa ukuta cherehani ikasimama.

Kisha sauti ya mke wa fundi: "Wee, mbona unanitolea macho? Sema basi. Umekabwa na nini?"

Mizani aligeuka kuutazama ukuta. Kiganja kilikuwa kinaupiga kutoka upande ule, polepole. Akajiambia watu wa ndoa wana mambo yao. Mhariri alitaka makala asubuhi na nyimbo tano zilikuwa bado.

Wimbo wa tatu uliitwa "Mama Amebadilisha Kufuli".

Huo haukukimbia. Ilikuwa gitaa moja, taratibu. Kabla ya neno la kwanza Mizani alisikia mtu akivuta pumzi, karibu mno, kana kwamba hedfoni zilikuwa na mdomo. Na harufu ikamfikia. Alinusa meza, akanusa mkono wake. Haikuwa harufu ya chumba chake. Ilikuwa harufu ya kinywa kilichofumbwa siku nyingi...

Sauti ikaanza kuimba, na Mizani akasahau harufu. Sauti ile iliburuta mwisho wa kila mstari, ikautingisha kidogo, ikauweka chini kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto. Machozi yalimtoka bila kutaka. Wimbo ulipokwisha alivua hedfoni na kuandika harakaharaka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi: *Wimbo bora wa albamu. Ukifumba macho, ni bibi yangu ananibembeleza nilale.*

Akaweka nukta.

Nyumba ikanyamaza.

Alingoja. Hakusikia Bibi akizungumza na redio, wala akiita. Akainuka, akaenda sebuleni, akawasha taa.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumbika. Shingo ilikuwa imekaza, mishipa imesimama. Alikuwa akiita. Alikuwa akiita kwa nguvu zake zote, na hapakuwa na sauti hata kidogo, hata ya pumzi.

"Bibi! Nipo hapa. Bibi, nipo."

Bibi alimshika usoni, akampapasa mdomo, kisha akaupeleka mkono wa Mizani kwenye koo lake mwenyewe, amwonyeshe. Koo lilitetemeka chini ya vidole kama la ndege. Basi.

Mizani hakuwa mtu wa kuamini mambo ya uchawi. Lakini alikuwa mtu wa kuhesabu, na sasa walikuwa watatu. Alirudi chumbani, akachukua daftari, akakata ule mstari wa Bibi kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika. Akasikiliza. Kimya kilekile. Akampigia mpiga besi.

Simu ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Umefananisha," mpiga besi akanong'ona.

"Mmeniletea nini nyumbani kwangu?"

"Dada, tulikuomba."

"Nimekuuliza, mmeniletea nini?"

Mpiga besi akasema kwamba mwaka jana walikodi nyumba tupu ili warekodi humo. Siku ya kwanza walirekodi ala peke yake, gitaa, besi na ngoma, wakaenda kulala, maikrofoni ikabaki wazi. Asubuhi walipofungua mashine, sauti ilikuwepo. Iliimba maneno yao yote, wakati mwimbaji wao alikuwa hajaimba hata neno.

"Ni ya nani?"

"Haina mwenyewe. Kila mtu anamsikia mtu wake. Na ukisema ni ya nani, inakuwa yake. Inaichukua sauti ya huyo mtu." Akashusha sauti zaidi. "Mwenzetu alisikiliza wimbo wa tatu, akasema, hii inafanana na mimi. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho. Mpiga ngoma akasema vilevile kwa wimbo wa kwanza. Fundi mitambo wetu wa kurekodi, kwa wa pili."

"Na nyinyi mnataka kuiuza albamu hiyo?"

"Kila wimbo unashika mtu mmoja, dada. Ukipata mwingine, unamwachia wa zamani. Tulidhani ikitoka, wasikilizaji wako wengi..."

"Mlijua nitafananisha."

Nyuma ya mpiga besi mtu alikohoa, kikohozi kikavu, cha koo ambalo halijatumika muda mrefu. Kisha sauti ngeni, iliyokwaruza, ikasema: "Mwambie asante."

Mizani alijua ni nani. Wimbo wa tatu ulikuwa umemwachia mwimbaji.

"Wewe unamsikia nani kwenye nyimbo hizo?" akauliza.

"Mimi sisikilizi, dada. Mimi napiga besi tu." Kisha, kama mtu anayetaka kulipa fadhila kidogo: "Ukifuta haisaidii. Lazima ubadilishe, mtu kwa mtu. Na usidanganye. Mpiga ngoma aliandika jina la mtu ambaye hakumsikia, haikukubali. Au subiri wiki mbili. Ikitoka, kuna mtu atasema neno."

Sebuleni kitu kilianguka. Mizani alitupa simu, akakimbia. Bibi alikuwa amejaribu kusimama, meza ndogo imepinduka, redio iko chini. Alikuwa amepiga magoti akipapasa sakafu, mdomo wazi, akiita mtu asiyemsikia. Hapo Mizani akaelewa wiki mbili ni nini. Bibi hakuwa na macho. Sasa hakuwa na sauti ya kuulizia njia. Asingefika hata kesho kutwa bila moyo wake kupasuka.

Alimketisha. Akamwambia, "Ngoja kidogo tu, Bibi," akarudi mezani, akavaa hedfoni, akaanzisha wimbo wa tatu.

Kwanza alimtafuta mhariri wake ndani ya sauti ile, na hakuona haya. Mhariri alikuwa na sauti ya kuburuta vilevile. Akasikiliza mstari mzima... hapana, haikuwa yeye. Akamtafuta mpiga besi, kwa hasira. Hakumpata. Akamtafuta mtu wa redio asiyemjua kabisa. Sauti ilikuwa inaimba tu, kwa subira, na ile harufu ilikuwa inazidi, na Mizani alihisi kwamba inamtazama akichagua.

Basi akaacha kutafuta. Akasikiliza kama anavyosikiliza siku zote.

Katika ubeti wa pili kulikuwa na neno ambalo sauti ililimeza nusu. Mizani alilirudisha. Akalirudisha tena. Aliijua ile tabia ya kumeza neno la mwisho. Kwa miaka tisa alikuwa akiisikia kwenye mahojiano aliyoyarekodi, upande wa anayeuliza, na kila mara aliona aibu akipeleka kipande mbele asijisikie.

Mikono yake ilikuwa imepoa kama bomba. Aliwafikiria muuza maji na fundi cherehani. Hao hakuwa na cha kuwapa, sauti aliyokuwa nayo ilikuwa moja. Akachukua kalamu, akapima sentensi, akaiona ni ya kweli.

*Wimbo wa tatu: sauti hii inafanana na yangu.*

Sebuleni Bibi akakohoa.

"Mwanangu?" Sauti ilikuwa nyembamba, ikitetemeka, lakini ilikuwa yake. "Mwanangu, uko wapi? Nimekuita mpaka nimechoka."

Mizani alifungua mdomo. Alisikia ulimi ukigusa meno. Hakusikia kitu kingine. Akakimbia, akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika Bibi mikono yote miwili.

Bibi akashtuka.

"Nani huyu? Mikono ya baridi hivi... Sema, nani?"

Mizani akaipeleka mikono ya Bibi usoni pake, kwenye pua, kwenye nywele. Vidole vya mzee vilipita, vikasita, vikarudi. Vilianza kulainika. "Mbona kama ni..." Vikafika kwenye mashavu, vikakuta machozi, vikasimama. "Mbona husemi, kama ni wewe? Wangu mimi hanyamazi." Akaivuta mikono yake. Akageuza kichwa kuelekea chumbani, akapaza sauti, na hofu ilikuwa ndani yake. "We mjukuu wangu! Kuna mtu huku!"

Kompyuta ilikuwa imejizima. Waya wa spika ulikuwa bado umelala sakafuni.

"Nipo huku, Bibi," chumba kikajibu.

Ilikuwa sauti ya Mizani. Ilimeza neno la mwisho vilevile.

"Njoo. Nipo huku."

Uso wa Bibi ukakunjuka wote. "Haya, nakuja," akasema, na akaanza kuinuka. Mizani alimkumbatia magoti. Akatikisa kichwa kwa nguvu mbele ya macho yasiyoona. Akalishika gauni kwa vidole kumi.

"Niachie wewe," Bibi akasema, akimbandua kidole kimoja kimoja, bila ukali, kama mtu anayemwondoa paka. "Wangu huyo ananiita."

Akauegemea ukuta kwa kiganja, akaanza kutembea. Na chumbani mtu akavuta pumzi, karibu mno, akaanza kuimba taratibu, bila gitaa.