Mtu Aliyeisubiri Fokker

Ninyi mnaokaa Kamunyonge hapa Musoma, na ninyi wa Kigera mnaopita kila siku pembeni ya uwanja wa ndege na ndoo vichwani, kaeni niwaambie habari za jirani yenu. Wengi wenu mnaijua nusu. Ile nusu nyingine ndiyo yenye mafunzo.

Kulikuwa na wakati nyumba ya Felisiani na mkewe Marieta ilikuwa nyumba ya kuigwa. Jumapili baada ya misa Marieta alikaanga sato uani, mtoto wao Magesa alichota maji bila kutumwa mara mbili, na Felisiani alipiga pasi shati lake jeupe la kazi. Kazi yake ilikuwa hapo uwanjani. Alipima mizigo ya abiria, akatundika mfuko wa kumwonyesha rubani upepo unakovuma, na zaidi ya yote alifukuza ng'ombe. Majani ya uwanja ule ni matamu na ng'ombe hawasomi ratiba. Fokker iliposikika ikija kutoka Mwanza, ile ndege ya pangaboi mbili yenye mabawa juu ya mgongo, Felisiani alipuliza filimbi na kuukimbia uwanja mzima na fimbo yake. Ng'ombe wa mwisho akishavuka, ndipo ndege ilipotua.

Mama yake, Bibi Wankyo, aliishi Butiama. Siku ambazo ndege ilizungukia upande ule, alitoka nje, akaweka kiganja juu ya macho na kuwaambia majirani, "Hiyo anaishusha mwanangu." Hakuna aliyembishia. Mama akijivunia mwanawe, mwache ajivune.

Kisha mambo yakaharibika, wala si kwake peke yake. Mafuta yakaadimika, vipuri vikaadimika, ndege ya Jumanne ikawa inakuja Ijumaa, ya Ijumaa haiji kabisa. Halafu ikaja biashara huria, maduka yakajaa redio na sabuni za rangi, na huku watu wakapunguzwa makazini. Fokker haikuja tena Musoma. Felisiani alirudi nyumbani mchana mmoja, filimbi ikiwa mfukoni. Hilo halikuwa kosa lake, na mtu asije akasema nimemlaumu kwa hilo.

Kosa lilikuja kwa mlango mwingine. Bruda Clementi, Mholanzi wa misheni, alipokuwa anarudi kwao alimwachia Felisiani kompyuta yake. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Unakaa kwenye kiti, unabonyeza, na kwenye kioo ndege inapaa juu ya miji ambayo hujawahi kuiona. Ndege zilikuwamo nyingi, ila Fokker haikuwamo. Baadaye Bruda akamtumia gazeti, na katika ukurasa mmoja kulikuwa na picha ya ndege hiyo: mafundi wa Uholanzi walikuwa wanaitengeneza Fokker ileile, kwa diski, mtu aiongeze kwenye mchezo wake. Ingetoka mwezi Machi.

Felisiani aliukata ukurasa ule akaubandika ukutani, pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu. Machi ikafika, Bruda akaandika kwamba sasa ni Juni. Juni ikawa Septemba. Kusubiri kukawa kazi, na kazi hiyo Felisiani hakuikosa hata siku moja. Asubuhi posta, mchana kompyuta, umeme ukikatika alikaa palepale mbele ya kioo cheusi akinakili orodha za hatua anazofuata rubani kwenye daftari. Barua za Magesa kutoka shule ya bweni zilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa.

Aliyelisha nyumba ni Marieta. Alfajiri alikwenda kuchukua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, akayakaanga na kuyauza. Mwanzoni aligombana na mumewe. Baadaye akawa analia. Baadaye tena akaacha yote mawili, na hapo ndipo Felisiani alipopaswa kuogopa. Moyo wa Marieta uliingia ganzi kama vidole vyake vilivyoshinda kwenye barafu ya samaki.

"Baba Magesa, shamba la Butiama halijalimwa," alimwambia siku moja.

"Nitaenda. Ikishafika tu hii Fokker, nitatulia, nitaenda."

Marieta akageuza mapanki kwenye mafuta.

Mwaka huo Bibi Wankyo akaugua macho. Nesi wa Butiama alimpima, akasema jicho la kushoto limekwisha, la kulia lina presha, na lisipopasuliwa sasa halitavuka masika. Bahati ikawapitia mlangoni: madaktari wa macho walikuwa wanakuja Musoma kwa ndege ndogo, Jumatatu mpaka Jumatano, waondoke. Jumamosi Marieta akapanda gari kwenda kumchukua.

Alimkuta mkwewe amekaa kwenye kigoda, amevaa kitenge chake kizuri, kifurushi mapajani.

"Mama, twende. Gari linasubiri."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

Bibi Wankyo alikiweka kifurushi chini. "Mwanangu, mimi sikatai dawa. Lakini mama mzee hatolewagi katika boma hili na mke wa mtu. Nikitoka hivyo, watasema nimefukuzwa, au nimepelekwa kufa, na hapa sitarudi nikiwa na heshima. Mwanangu mkubwa, Felisiani, avuke hicho kizingiti, anishike mkono. Ni hilo tu ninalotaka."

Hiyo ndiyo desturi ya boma lile. Unaweza kuicheka, lakini kwa mwanamke aliyezika mume na watoto wawili pale, kizingiti si mbao tu. Marieta aliielewa. Alirudi Musoma akamweleza mumewe, na Felisiani akaupokea ujumbe kwa uchungu wa kweli. "Jumanne asubuhi namtoa mama," alisema. Hakuwa anadanganya.

Jumatatu Marieta alikwenda hospitalini kushika foleni. Akapewa kadi yenye jina la mkwewe. Jioni hiyohiyo Felisiani akapata habari misheni: diski imefika Mwanza, na Jilala, dereva wa lori la misheni, anakuja nayo, Jumanne atakuwa Bunda.

Yaliyofuata Felisiani aliyasimulia mwenyewe baadaye, bila kujificha. Jumanne asubuhi aliondoka kwenda Butiama. Alishuka Makutano, pale njia zinapogawanyika. Gari la Butiama lilikuwa halijafika. La Bunda lilikuwa linapakia. Akasimama kidogo, akapanda la Bunda. Alijiambia ataichukua diski mara moja na saa nane atakuwa kizingitini kwa mama yake.

Bunda hakumkuta Jilala. Lori lilikuwa limekwama kwenye tope huko nyuma. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa hili asingelifanya mtu mwingine yeyote Musoma. Mimi na wewe tungesema ndege ya madaktari inaondoka Jumatano, tuwahi. Felisiani alikuwa amekaa uwanjani miaka kumi na tisa, na katika ile miaka mibaya ya mwisho hakumbuki ndege iliyoondoka siku iliyoandikwa. Ingekosa mafuta, au tairi, au rubani angeumwa tumbo. Kwake Jumatano ya ndege ilikuwa na maana ya Ijumaa. Akanywa chai, akalala Bunda.

Jumatano Marieta alikaa kwenye benchi la hospitali tangu saa moja. Nesi alitoka na karatasi.

"Wankyo."

"Anakuja," alisema Marieta.

Akaitwa mwingine. Baada ya muda nesi akatoka tena. "Wankyo yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Mara ya tatu nesi hakuita. Alikaa kwenye benchi kando yake. "Mama, wanafunga vyombo vyao. Ndege ni saa tisa. Nikuwekee hiyo kadi?"

"Niachie tu," alisema Marieta, na akaendelea kukaa. Watu waliofungwa bandeji walipita mbele yake wakiongozwa na watoto wao wakubwa. Aliwahesabu mpaka akachoka. Hakusikia hasira wala huzuni; alisikia njaa, na alishangaa kwamba anaweza kusikia njaa.

Saa sita mchana ule Felisiani alipita tena Makutano, bahasha yenye diski, aliyokabidhiwa na Jilala asubuhi, ikiwa mapajani. Utingo aliuliza nani anashuka kwa ajili ya Butiama. Felisiani hakuinuka. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na zamu ya Kamunyonge kupata umeme ilikuwa mpaka saa kumi na mbili jioni. Akaona akionja kidogo tu leo, kesho asubuhi atamfuata mama. Ndege hizi anazijua.

Saa tisa kamili ndege ya madaktari ikapaa. Ilipita juu ya bati la nyumba yake, chini kabisa. Yeye alikuwa ameongeza sauti ya kompyuta.

Marieta alipoingia alimkuta ameketi wima, shati jeupe la kazi mwilini. Kwenye kioo Fokker ilikuwa inang'aa, pangaboi zote mbili zinazunguka.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

"Namfuata kesho. Hizo ndege huwaga haziondoki siku yake."

"Imeondoka."

Felisiani akageuka. "Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Saa tisa kamili?"

Marieta aliiweka ile kadi juu ya meza, karibu na mkono wake, akatoka kwenda kuwasha moto.

Mnangoja niseme kwamba alipiga kelele, au alifungasha akarudi kwao. Hakufanya hivyo. Alipika ugali, wakala.

Alhamisi Felisiani alikwenda Butiama. Alivuka kizingiti, akamshika mama yake mkono, akamtoa mbele ya majirani kwa heshima zote. Akamleta Kamunyonge, ambako hakukuwa na daktari wa kumwona. Masika hayajaisha, jicho la kulia likafunga. Mwaka uliofuata madaktari walirudi, siku ileile waliyoandika. Safari hii Felisiani alikuwa wa kwanza mlangoni. Walimmulika mama yake kwa taa ndogo, jicho hili na hili, wakampigapiga begani na kumwita anayefuata.

Bibi Wankyo anakaa kwa Felisiani mpaka leo, kwenye kigoda, mlangoni mwa chumba chenye kompyuta. Mchana mmoja, Marieta akiparua samaki uani, Felisiani aliiwasha. Mngurumo ukajaa nyumba. Bibi kizee akainua kichwa, na mkono wake ukaenda wenyewe juu ya macho, kama zamani.

"Felisiani, ni ile?"

"Ndiyo, mama."

"Inatua?"

"Inatua."

"Ng'ombe umewafukuza?"

Mikono ya Felisiani iliondoka kwenye vitufe ikakaa mapajani. Ndege ile ikaendelea kushuka yenyewe, juu ya nchi ya kijani isiyo na Musoma, wala Butiama, wala nyumba hata moja. Mama alikuwa bado ameweka kiganja juu ya macho, anasubiri. Marieta aliyasikia yote. Kisu chake kilisimama kidogo, kisha akaendelea na samaki.

FUNZO

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia mchome kompyuta, wala sisemi mtu aliyepoteza kazi asitafute cha kumliwaza. Fokker ile ilikuwa nzuri na Felisiani hakuwa mtu mbaya. Ila kitu kinachosubiriwa kupita kiasi humgeuza anayesubiri kuwa mgeni katika nyumba yake. Ukifika Makutano na njia zikagawanyika, usipande gari kwa kuwa ndilo lililotangulia kufika. Panda la unakotakiwa. Kuchelewa kwa jana kusikufundishe kuchelewa leo, kwani siku ya ndege kuwahi itakuja bila kukutaarifu. Na ninyi wake mnaoyanyamazia haya mpaka moyo unaingia ganzi, waiteni wazee na majirani mapema, mngali mnalia. Mzazi anayekungoja kizingitini hana tarehe nyingine ya kutoka. Nenda ukamshike mkono wakati bado anaweza kuona ni nani aliyekuja.