Chungu Kilichotokwa Jasho

Kila asubuhi Mwanaidi alikwenda bondeni na bibi yake, Hajira, kuchimba udongo wa kufinyangia. Walirudi Sindeni na makapu kichwani, wakautwanga udongo na kuutoa mawe. Bibi Hajira alifinyanga bila haraka. Shingoni mwa kila chungu alibingirisha gunzi la hindi, likaacha safu tatu za vidoti. Alama hiyo ilijulikana mpaka Korogwe, kwenye stesheni ya reli ya Wadachi, yaani Wajerumani.

Siku moja karani Isihaka alifika kutoka Korogwe. Alisema Mdachi mmoja anakusanya vyombo vya kale vya kuweka katika nyumba ya makumbusho huko Ulaya. Kesho atachukua chungu kimoja hapa Sindeni, na jina la mfinyanzi litaandikwa.

Mwanaidi alitamani jina hilo liwe la bibi yake. Lakini vyungu vyao vya zamani vilikuwa vimevunjika vyote. Basi bibi alipokwenda shambani, Mwanaidi alichukua chungu kilichochomwa juzi, akakipaka mafuta ya nyonyo na masizi mpaka kikawa cheusi tii.

Kesho yake watu walikusanyika.

"Shikamoo, karani. Hiki bibi alikifinyanga akiwa msichana," Mwanaidi alisema, macho chini.

Mdachi alikizungusha mikononi, akaridhika. Isihaka akatia maji ili aone kama kina ufa. Punde matone meusi yakaanza kutiririka ubavuni. Mwanaidi alikuwa amesahau jambo moja: chungu kipya huvuja mpaka kipikiwe uji mwepesi, uzibe vitundu vyake.

"Chungu cha usichana wa Hajira kinatokwa jasho kama mtu wa jembe," jirani yao, Mama Sadala, alisema. Wanawake wakacheka.

Bibi Hajira, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kutoka shambani, hakucheka. "Tangu niolewe sijaambiwa chungu changu kinavuja," alisema polepole. "Leo naambiwa mbele ya wageni. Nani amekileta hapa?"

Mwanaidi alitazama mlango wa nyumba. Angeweza kukimbia. Akabaki.

"Ni mimi, bibi. Ni kile cha juzi. Nimekipaka masizi ili jina lako liandikwe."

Kicheko kikakatika. Bibi alichukua kitambaa kibichi, akakifuta chungu taratibu. Wekundu wake ukatokea, kisha zile safu tatu za vidoti. Mdachi akainama, akavigusa kimoja kimoja, akamnong'oneza karani.

"Anasema atakichukua hivi hivi, kipya," Isihaka alieleza.

"Bado," alisema bibi. "Hakitoki kwangu kikivuja. Mwambie akae, tupike uji kwanza."

Mdachi akakaa kwenye kigoda, akasubiri. Mwanaidi akachochea moto. Uji ulipopoa, chungu kilioshwa, kikatiwa maji tena. Hakikutoa hata tone. Ndipo karani akaandika: *Chungu kipya. Mfinyanzi ni Hajira wa Sindeni.*

"Umeona, mjukuu wangu?" Bibi alimweka Mwanaidi ngata kichwani, kisha chungu juu yake. "Ulipokificha kwa uongo, tulichekwa. Ulipokiri, kazi yetu ikaonekana. Kitu kizuri kiseme kilivyo, kinatosha."

Mwanaidi akashika njia ya Korogwe nyuma ya karani, shingo imenyooka. Mama Sadala alisimama pembeni, akampisha.