Na Ikigusa?

Shangazi alikuwa mtu wa kubetua midomo. Alifundisha hisabati ya sekondari mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo hakukutana na binadamu ambaye akili zake zilimtosheleza. Mkuu wa shule alikuwa mpiga soga. Walimu wenzake, mbumbumbu. Wanafunzi ndio usiseme. Ni mtu mmoja tu aliyemwona ana kichwa, naye ni binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Hilo hakumwambia hata siku moja. Alimpenda kwa kumkaripia, na binti alishazoea.

Basi binti akapata nafasi chuo kikuu, uhandisi. Jioni moja, giza likianza kuingia, wawili hao wakaenda kwenye duka la vifaa vya umeme kutafuta kalkuleta ya grafu.

"Mnataka ipi?" muuzaji akauliza.

"Tungejua tungekuuliza?"

Muuzaji akameza mate, akapanga tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa na skrini ya rangi. "Hii ya kuangalizia katuni," Shangazi akasema, akaisukuma kando kwa ncha ya kidole. Ya pili ilikuwa na uwezo wa kufungua mabano yenyewe. "Hii wataikamata mlangoni pa chumba cha mtihani. Na anayetaka kufunguliwa mabano akasomee mapambo."

Ya tatu ilikuwa ya mtumba, imemeguka kona moja. Shangazi akafungua mahali pa betri, akachungulia kama kuna kutu. Hapakuwa na kutu. Akaiwasha, na kwa mara ya kwanza jioni ile midomo yake ikatulia. Ndani mlikuwa mmejaa kanuni. Mtu mwenye subira alikuwa amezihifadhi moja moja, takwimu, mwendo, nguvu, masomo yote ya mwaka wa kwanza.

Binti aliigusa, akarudisha mkono.

"Shangazi, ina baridi."

"Ulitaka iwe na homa?"

"Na inanuka chaki."

Muuzaji akainyooshea mkono. "Hiyo ngoja niifute kumbukumbu kwanza. Hatuuzi ya mtumba bila kufuta."

"Ufute nini? Hizo kanuni ndizo ninazonunua."

"Mama, nisikilize..." Akapunguza sauti. "Aliileta mama wa mwenye kalkuleta. Imeviringishwa kwenye taulo, hataki hata kuishika. Akasema ifutwe, isikae ikawashwa jioni. Mwanawe haihitaji tena."

Shangazi akafyonya. Alimpandisha muuzaji kwa macho, akamshusha. "Umeajiriwa kuuza au kupiga ramli? Funga hicho kitu tuondoke."

Ikafungwa.

Jioni iliyofuata, binti alikuwa mezani chumbani kwake, mwisho wa korido. Akaita.

"Shangazi, njoo uone. Mimi sijaandika kitu."

Kwenye skrini palikuwa na grafu. Mstari uliopinda, ukishuka kutoka juu, ukiusogelea mstari wa chini uliolala... ukiusogelea... ukiishia ukingoni mwa skrini.

"Moja gawanya kwa x," Shangazi akasema. "Hata mtoto anaijua. Mwenyewe aliiacha humo."

"Lakini imegusa chini."

"Haigusi! Skrini ni vidoti, na vidoti ni vinene. Kuza."

Binti akabonyeza kukuza. Kweli, pengo likaonekana, jembamba lakini lipo. Shangazi akageuka aondoke, ameridhika.

Kriiik...

Sauti ilitoka nje, getini. Mlio ule kila mwalimu anaujua. Chaki, ikikwaruza ubao.

"Paka," Shangazi akasema.

Kesho yake jua lilipozama, mlio ulikuwa barazani, karibu na viatu. Jioni ya baada yake ukavuka mlango uliofungwa, ukaingia mwanzo wa korido. Na kila ulipokaribia, pengo kwenye grafu lilikuwa jembamba zaidi. Binti alilazimika kukuza mara mbili ndipo alione, kisha mara nne. Harufu ya vumbi la chaki ikakaa ndani ya nyumba, kwenye mapazia, kwenye mito, hata kwenye maji ya kunywa.

"Nimeifuta, Shangazi. Imeniuliza, 'Futa yote?' Nikabonyeza ndiyo. Haifutiki." Macho ya binti yalikuwa mekundu. "Turudi dukani, nakuomba. Inakuja kwangu."

"Nirudi kwa yule mganga wa betri? Hebu tumia kichwa nilichokusomesha. Kila jioni inakata nusu ya njia iliyobaki, sivyo? Anayekwenda nusu ya njia kila siku hafiki. Milele hafiki."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa. Lakini alipofika chumbani kwake alikaa kitandani na taa inawaka. Kwa kuwa alishamkumbuka mwenye kalkuleta, mwanafunzi wake wa zamani.

Aliketi dawati la nyuma, mvulana mmoja mwembamba, mikono ya sweta imelegea. Siku Shangazi alipochora grafu hiihii ubaoni na kusema haitagusa mstari wa chini milele, mvulana akanyoosha kidole. "Mwalimu, na ikigusa?" Shangazi alimwita mbele. Akampa chaki, akamwambia achore mpaka iguse, asikae mpaka iguse. Darasa likaangua kicheko, na kengele ikalia yeye bado anachora, machozi yakimchuruzika. Tangu siku ile shule nzima ilimwita Bwana Ikigusa. Shangazi alitabiri mbele ya wote kwamba hatafika popote. Kumbe alifika. Chuo kikuu, na kalkuleta yake, na kanuni zake kapanga moja moja. Kilichompata huko Shangazi hakukijua, na moyoni aliomba asije akakijua.

Jioni iliyofuata alimtoa binti chumbani. "Kaa sebuleni. Usisogee. Nitakaa mimi kwenye kiti chako, nikuonyeshe huu upuuzi."

"Shangazi..."

"Nimesema kaa!"

Ilikuwa ni upendo, lakini kwa sauti ile nani angejua?

Akaketi mezani, mgongo ameupa mlango. Dirishani mwanga ulikuwa unafifia. Grafu ikajichora yenyewe, taratibu.

Kriiik...

Koridoni.

Kriiik...

Nyuma ya mlango. Kisha mlango haukufunguka, lakini baridi iliingia. Shingo yake ikasisimka. Vumbi jeupe likaanza kushuka juu ya meza, laini, bila upepo.

"Mwalimu..."

Sauti ya mvulana, ile ile, haijavunjika bado.

"Mwalimu... na ikigusa?"

Shangazi alilijua jibu. Halikuwa la hisabati. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu, "Lilikuwa swali zuri," na aliyahisi yamefika kwenye ulimi. Kijana hakutaka kingine. Angeyasema, kijana angekwenda zake, Shangazi alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akafungua mdomo.

Midomo ikabetuka. Ilikuwa imezoea.

"Haigusi. Keti chini, Bwana Ikigusa."

Nyuma yake pakasikika nyayo.

Kisha nyayo zikageuka. Hazikumkaribia hata kidogo. Zilirudi koridoni, pole pole, kuelekea sebuleni.

Shangazi akaikamata kalkuleta kwa mikono miwili, akakuza. Hakuna pengo. Akakuza tena. Hakuna. Akabonyeza mpaka kidole kikamuuma, na mistari miwili ilikuwa mmoja.

"Mwanangu!"

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Akakimbia, akajigonga mlangoni, akaingia sebuleni anahema. Binti alikuwa ameketi palepale alipoambiwa akae, mikono juu ya mapaja, ametulia. Kwenye bega la blauzi yake palikuwa na alama nyeupe za vidole vitano, za chaki.

Akageuza uso. Alikuwa anatabasamu kwa aibu, kama anayesimama mbele ya darasa.

"Usiogope, Mwalimu," akasema.

Binti alikwenda chuo, na kalkuleta mkobani. Majirani walimsifu kwa utulivu wake. Mlangoni Shangazi alimkumbatia, na mikono ya binti ilibaki chini, imelegea, mikono ya sweta imefunika vidole.

"Mwalimu, hujanijibu swali langu," akamnong'oneza, kisha akapanda gari.

Siku hizi Shangazi hamdharau mtu. Hata kwa yule muuzaji alikwenda kuomba msaada, akamkuta anatikisa kichwa tu. Muuzaji akasema kinachofutwa ni kile kilichobaki ndani ya mashine, na hiki hakimo tena. Jioni zikifika, mwanamke huyu hukaa kwenye kiti kile mwisho wa korido, akampigia binti simu. Simu hupokewa kila mara.

"Lilikuwa swali zuri," humwambia. "Mwanangu, unanisikia? Lilikuwa swali zuri."

Upande wa pili hakuna anayejibu. Husikika chaki tu, ikiandika.