Mchezo wa Magari Juu ya Salamu ya Marehemu

"Chukua hicho kidude chako uondoke nacho. Na harusi basi!"

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa anamfokea mchumba wa mwanawe. Kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe iliwaka, lakini kioo kilikuwa kitupu. Miaka yote, kila ilipowashwa, ilimwandikia: "Habari ya asubuhi, mke wangu." Mzee aliitunga salamu hiyo mwenyewe, akaihifadhi kwenye chipu moja ndogo. Sasa haimo.

Binti huyo, fundi, alikuwa amesimama kando ya meza. Kidude alikitengeneza yeye, kwa vipuri vya redio mbovu, ili wapenzi wa kompyuta za zamani waweze kusoma na kuandika chipu zao bila kununua mashine za bei mbaya. Chipu ya mzee aliiomba jana ili anakili salamu kabla haijachakaa. Akaiacha kwenye soketi, akatoka mara moja kufuata waya wa kulehemu. Aliporudi, mchumba wake akamwambia kidude kimeila chipu. Tena alishawatangazia wenzao wa kompyuta za zamani kwenye kundi la simu, na watu tisa walioagiza vidude wakajitoa.

"Mama, nipe dakika tano niisome tena."

"Usome nini, na ulishaiua?"

"Tano tu, mama."

Akaichomoa chipu kwenye kompyuta, akaibana kwenye soketi ya kidude, akasukuma swichi upande wa KUSOMA. Maandishi yakaanza kushuka kwenye laptopu. Akayakodolea macho.

"Mama, chipu haijafa. Imeandikwa kitu kingine juu yake. Tazama."

Mama akavaa miwani.

"Mchezo... wa magari." Akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amekaa pembeni. "Si ndio huu uliokuwa unamtengenezea rafiki yako?"

Kijana akazidi kuangalia sakafu.

"Nijibu!"

"Nilidhani ni chipu tupu, mama. Nikaweka swichi kwenye KUANDIKA. Nilipogundua..."

"Ukamsingizia mwenzako."

"Niliogopa."

Mama akakaa chini, akalia kwa sauti.

"Nimempoteza baba yako mara ya pili. Halafu ukanipa mtu wa kumchukia!"

Binti akaanza kukunja nyaya zake.

"Mpenzi, usiondoke. Nisamehe."

"Kosa la swichi ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini nimetukanwa hapa nusu saa nzima, na wewe umekaa unaangalia sakafu."

Akaondoka. Mwanaume mzima, jamani, akashindwa hata kumsindikiza mlangoni.

Binti alikuwa amefika karakana yake simu ilipotoa mlio wa ujumbe. Ni kwenye kundi: "Kifaa cha mchumba wangu ni kizima. Mimi ndiye niliyeandika juu ya chipu ya baba, nikamsingizia yeye. Nimemkosea yeye na mama yangu."

Akausoma mara tatu. Ulimuuma, maana bado alimpenda. Jioni mama mkwe akapiga simu.

"Mwanangu, nimekutukana bure. Nisamehe."

"Yameisha, mama. Pole kwa salamu ya baba."

"Asante. Huyu wangu yuko hapa, hali wala hanywi. Nimwambieje?"

Binti akaweka chini waya wa kulehemu.

"Kwetu wameshaambiwa harusi imevunjika kwa uzembe wangu. Mwambie aje amweleze baba yangu ukweli, kwa mdomo wake, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Akimaliza, ndipo nitaongea naye."

Upande wa pili ikasikika minong'ono, kisha mlango ukafunguliwa.

"Ameshatoka, mwanangu," mama akasema. "Hata koti hakuchukua."