Kompyuta Chini ya Kitambaa

Yustina alikuwa akianika kahawa uani Densi, binti yake, aliporudi kutoka shule.

"Leo mmeshika kompyuta?"

"Wapi, Mama! Tumezipangusa vumbi tu. Mwalimu Mkuu anasema ni za kuonyesha wageni."

Yustina alisimama wima. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa karibu, nao ulifanywa kwenye kompyuta. Mwaka uliopita watoto walijua majibu, ila muda uliwaishia wakihangaika na kipanya. Alimwomba Mungu ujasiri, kisha akaenda shuleni.

Mwalimu Mkuu Gaspar alifungua kabati. Kompyuta zilifunikwa kwa kitambaa kizuri cha kufuma, cha harusi, alichoazima kwa mzazi mmoja.

"Mama Densi, hata wewe sahani zako nzuri huzitoi kila siku."

"Kweli, Baba. Lakini sahani hazifanyi mtihani."

Gaspar alicheka. "Na zikiharibika?"

"Tupange jinsi ya kuzitunza. Mimi siondoki hapa bila mpango."

Gaspar alikubali, na Jumapili baada ya Misa walimwita Mwalimu Ludgardis wa shule ya bondeni. Kule watoto walitumia kompyuta kila wiki.

"Mnataka watoto wajue nini?" aliuliza.

"Kompyuta," alijibu Gaspar.

"Hapana, Baba. Anzeni na somo. Wasome habari, waandike jibu, wasahihishe wenyewe. Mkishajua hilo, ndipo mpange zamu, umeme na mtu wa kuzitunza."

"Umeme ukikatika?" aliuliza Yustina.

"Siku hiyo somo lilelile lifundishwe kwa vitabu. Liandaeni mapema."

Gaspar alishusha sauti. "Mwenzenu hata kuiwasha sijui."

"Basi zamu ya kwanza ni ya walimu," alisema Ludgardis. "Wewe utakaa mbele!"

Walicheka, wakasali, wakaanza kazi. Walimu walijifunza kwanza, halafu watoto kwa zamu. Wazazi walizipangusa kompyuta na kuzikinga na unyevu. Wageni walipokuja kutoka wilayani, waliwakuta watoto kazini. Kitambaa kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe.

Siku ya mtihani Densi alirudi akikimbia.

"Nimemaliza, Mama! Nimerudia hata maswali magumu, na muda ulikuwa bado upo!"

Yustina alifanya ishara ya msalaba. Kisha akafungua kabati, akatoa sahani nzuri, akapakua wali na samaki.

Densi alishangaa. "Kwani kuna mgeni?"

"Hakuna. Kaa ule, mwanangu."