Foleni ya Saa Moja Asubuhi

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, watu kumi na mmoja ndani, na mshonaji amekumbatia gauni jeupe la harusi lisije likakanyagwa. Mlango ukapanuliwa kwa juu, ukatokea uso wa kijana mwenye ovaroli ya buluu na grisi shavuni.

"Bibi harusi atangulie!"

"Gauni la mteja hili. Mimi mshonaji tu."

"Afadhali! Moyo wangu ulishaanza kukwama."

Watu wakaangua kicheko. Kabla gauni halijamfikia mwenyewe, mshonaji alikuwa na namba ya fundi wa lifti.

Miezi mitano ikapita kama siku tano. Jambo moja tu lilimkera: kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, simu ya fundi ilizimwa.

"Laazizi, saa hizo unakuwa wapi?"

"Kazini, mpenzi."

"Lifti gani hiyo inayokwama hata Jumapili?"

"Ina ukaidi, kama mtu fulani ninayemjua."

Alicheka, lakini wivu haulali. Jumatatu akajifunga kitambaa, akavaa miwani myeusi, akamfuata.

Hakumkuta kwa mwanamke. Alimkuta nyuma ya hospitali kubwa, katika foleni iliyolizunguka jengo zima. Kulikuwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni, mzee wa suti, wasichana wenye sare za hoteli. Hata mwalimu wake wa hesabu alikuwamo! Kila mmoja alifika dirishani, akapewa kikombe kidogo cha dawa, akainywa, kisha akaachama muuguzi ahakikishe imemezwa.

"Wanaumwa nini wote hawa?" alimwuliza mlinzi.

"Unga, dada yangu. Hiyo dawa inawasaidia kuuacha. Na hawa ni waliofika. Wasiofika ndio wengi."

Kaka wa mshonaji, tumbo moja, aliokotwa amekufa kwenye choo cha stendi, sindano ingali mkononi. Na wiki ya kwanza tu ya mapenzi yao alimwambia fundi: "Mtu wa unga simwamini hata akiwa maiti."

Fundi akageuka, akamwona. Hakukimbia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungebaki?"

Mshonaji aliondoka, na kwa siku tisa hakupokea simu za fundi. Alishona, akafumua, akashona tena. Kila alipofumba macho aliiona ile foleni, ndefu, kimya, kila mtu na vita vyake.

Siku ya kumi, saa moja kamili, alisimama ubavuni mwa fundi kwenye foleni.

"Unakuja hapa tangu lini?"

"Miaka mitatu. Sijakosa siku. Nilipovunjika mguu, wenzangu walinibeba mgongoni."

Mshonaji akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Zaidi ya asubuhi elfu moja! Yeye hata kuacha kula peremende kulimshinda.

"Kaka yangu hakufika hapa," alisema, machozi yakimtiririka.

"Mpenzi, siwezi kukuapia maisha. Naweza kukuahidi kesho tu."

"Basi kesho, ukishakunywa, twende kwa mama ukanipose."

Fundi akabaki kinywa wazi, kama yuko mbele ya muuguzi.

"Songeni, wachumba!" mzee wa suti akanguruma nyuma yao. "Mnatuchelewesha!"